Diski Ikianza Kukwama, Okoa Picha Kwanza

Umebofya folda ya picha za harusi. Taa ndogo ya kompyuta inawaka bila kupepesa, kipanya kinagoma, na kutoka ndani ya kisanduku unasikia mkwaruzo kama wa panya anayetafuna gunzi. Baada ya dakika nzima picha mbili zinafunguka. Ya tatu inakuja nusu: uso wa bibi harusi upo, gauni limegeuka kijivu. Unazima, unawasha, mambo yanakuwa shwari. "Ni virusi tu," unamwambia mwenzako, na maisha yanaendelea hadi Jumamosi nyingine.

Msomaji mpenzi, huenda si virusi. Huenda diski ngumu ya kompyuta yako, ile inayohifadhi kila ulichoandika na kila picha uliyopiga, imeanza kuugua maradhi ambayo mafundi huyaita bloku mbovu. Ni maradhi ya kawaida, lakini tiba yake ya kwanza si ile wengi wetu hukimbilia. Wengi huuliza, "Itatengenezwaje?" Swali la kuuliza ni lingine kabisa: ndani ya diski hii kuna kitu gani ambacho hakipo mahali pengine popote?

Nitaeleza kwa kisa cha Isebania. Anayeufahamu mji huo wa mpakani katika Kaunti ya Migori anajua ulivyochangamka. Barabara kuu itokayo Kisii na Migori inaupitia kuelekea Sirari na Tarime, upande wa Tanzania. Malori hupanga foleni, shilingi za nchi mbili hubadilishana mikono, na kando ya barabara kuna vibanda vya kila aina, vya picha, vya kuchapisha karatasi na vya kutengeneza simu.

Katika kibanda kimojawapo yumo kijana mpiga picha. Riziki yake ni harusi, mahafali, matanga na picha ndogo za pasipoti kwa wanaovuka mpaka. Kazi zake za miaka kadhaa alikuwa amezihifadhi katika diski moja ya nje, ile inayochomekwa kwa waya wa USB, iliyokaa mezani kando ya printa. Siku moja akaja mama mmoja mzee. Mumewe alikuwa amefariki, na familia ilikuwa ikijiandaa kwa ibada ya kumbukumbu. Mama alikumbuka kwamba katika harusi ya kitinda mimba wao, mzee alisimama akawapa maharusi nasaha. Hakuna mahali pengine sauti yake iliponaswa.

"Mwanangu, nataka wajukuu wamsikie babu yao," alisema.

"Njoo Alhamisi, mama, utaikuta tayari."

Kijana akachomeka diski. Ikakwama. Akachomoa, akachomeka tena, na safari hii kompyuta ikamwambia kwamba diski hiyo yahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika.

Washauri hawakukosekana. Fundi wa simu wa kibanda cha pili alisema, "Kaka, ipige CHKDSK yenye R usiku kucha, asubuhi itakuwa sawa." Mwingine akasema aifomati tu, kwani programu za kurudisha vitu vilivyofutwa zimejaa mtandaoni. Wote wawili walikuwa na nia njema. Ushauri wa wote wawili ungeweza kuizima ile sauti kabisa. Ili tuelewe kwa nini, hebu kwanza tuingie ndani ya diski, kwa maneno tu. Ya kwako usiifungue.

NDANI YA KISANDUKU

Diski ngumu ni sahani moja au zaidi, za alumini au za kioo, zilizopakwa tabaka jembamba la sumaku. Katika kompyuta nyingi za mezani sahani hizo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na ukingo wake hukimbia kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Juu ya sahani huelea kichwa cha kusomea. Hakigusi. Kati yake na sahani kuna nafasi ya nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi kwa kichwa hicho ni kama jabali katikati ya barabara. Kwa hivyo ukimwona fundi akifungua kifuniko cha diski kibandani ili "aipulize kidogo", mpokonye kwa heshima.

Maandishi yako, picha na nyimbo hukatwakatwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwa miaka mingi sekta moja ilibeba baiti 512. Diski nyingi zilizotengenezwa tangu karibu 2010 hutumia vipande vikubwa zaidi, vya baiti 4,096. Kila sekta huandikwa pamoja na tarakimu za ukaguzi. Diski inaposoma, hulinganisha kilichosomwa na tarakimu hizo, na makosa madogo huyarekebisha yenyewe bila wewe kujua. Makosa yakizidi uwezo wake, hurudia kusoma. Hurudia tena na tena, mara nyingine kwa sekunde nyingi, kwa ajili ya kipande kimoja tu. Huko ndiko kuganda kwa kompyuta unakokuona. Haijalala, inapigania herufi zako.

Hakuna sahani iliyozaliwa bila doa. Miaka ya 1980 diski nyingi ziliuzwa zikiwa na karatasi iliyobandikwa juu, imeorodheshwa sehemu zote mbovu zilizogunduliwa kiwandani, na mnunuzi alitakiwa kuziingiza mwenyewe kwenye kompyuta ili zisitumike. Siku hizi orodha hiyo imefichwa ndani ya diski, na kila diski huja na sekta za akiba. Sehemu ikichakaa, diski huacha kuitumia na kuhamia akiba, kama dereva anavyobadilisha gurudumu. (Tukiwa hapo kwenye historia: diski ya kwanza kabisa, ya kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingeweza kuijaza.)

Sasa sikiliza vizuri, maana mtego upo hapa. Diski ikishindwa kabisa kusoma sekta fulani, haiwezi kuihamisha papo hapo, kwa sababu haijui ihamishe nini. Basi huiandika katika orodha ya sekta zinazosubiri, na kuiambia kompyuta kwamba imeshindwa kusoma. Inasubiri nini? Inasubiri uandike kitu kipya mahali pale. Ukiandika, diski hupata amani: hujaribu pale pale, na pakishindikana huchukua sekta ya akiba. Kosa linatoweka. Lakini kilichokuwa pale mwanzo nacho kimetoweka.

Ndiyo maana fundi anaweza kuifomati diski yako, akaandika kote, akakurudishia diski "iliyopona", na kweli ikafanya kazi. Imepona kwa kusahau.

HIYO CHKDSK

Wasomaji wengi mnaifahamu programu hii ya Windows. Ukiiamuru bila nyongeza yoyote, hutazama tu na kutoa ripoti. Ukiongeza herufi F hurekebisha daftari la faili, yaani orodha inayosema faili gani iko wapi. Ukiongeza R huenda mbali zaidi, ikapitia diski nzima kutafuta sekta mbovu. Ni chombo kizuri kwa diski nzima ambayo umeme ulikatika ikiandika. Kwa diski inayokufa ni hatari, na kuna sababu tatu.

Kwanza, huilazimisha diski mgonjwa kutembea kila mahali, hata kwenye sehemu tupu zisizo na faida kwako, na kukwaruza pale palipokwisha kukwaruzika. Kichwa kilichochoka kinaweza kufia safarini kabla hakijafika penye picha zako. Pili, CHKDSK huandika juu ya diski hiyo hiyo. Daftari likiwa limeharibika, inaweza kuamua kwamba folda nzima ni takataka, na asubuhi unakuta vipande vyenye majina kama FILE0000.CHK usivyojua ni vya nani. Tatu, lengo lake ni kulifanya daftari lipatane. Kama video ya mzee imepungua, hilo haliihusu.

Kumbuka pia kwamba Windows inaweza kuianzisha kazi hii yenyewe unapowasha kompyuta. Huonekana maandishi yanayokupa sekunde chache ubonyeze kitufe chochote kuiepuka. Kama diski imekuwa ikikwama, bonyeza. Na ile taarifa ya kutaka kufomati, jibu lake ni kukataa, hata ikijitokeza mara kumi.

Huyo kijana wa Isebania, kwa bahati yake na ya mama yule, hakufuata ushauri wa yeyote kibandani. Alichomoa diski, akaifunga kwa kitambaa, na kwenda kumwona mwalimu wa kompyuta wa shule moja ya sekondari ambaye humchapishia mitihani. Mwalimu aliuliza swali moja tu kabla ya kuigusa: "Inalia vipi?"

Ni swali la busara. Kuganda na mkwaruzo mdogo ni dalili kwamba kichwa bado kinasoma kwa shida. Lakini ukisikia tak, tak, tak ya kupimwa kama saa ya ukutani, na diski haionekani kabisa kwenye kompyuta, kichwa huenda kimeharibika na kila mzunguko unaweza kuchuna sahani. Hapo hata kunakili usijaribu. Zima. Inayobaki ni maabara yenye hewa iliyochujwa, ambako vichwa hubadilishwa, na gharama yake huzidi bei ya diski mpya mara nyingi. Ni uamuzi wa familia: nasaha za babu zina thamani gani? Wengine watalipa, wengine hawataweza, na hakuna wa kuwalaumu. Ila mtu asikuahidi kwamba kuiweka kwenye friji kutaiponya. Utaitoa ikiwa na unyevu juu ya sahani, na huo ni msiba mpya.

Diski ya kijana haikuwa ikigonga. Mwalimu alikuwa na kompyuta yenye Linux, na alitumia programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Inavyofanya kazi ni kinyume cha ukaidi wa kawaida wa kompyuta. Hupita haraka kwanza, ikichota sehemu zote zinazosomeka bila taabu, na ikifika penye tatizo huruka na kusonga mbele. Kila inachopata na kila inachoruka hukiandika katika faili ndogo ya ramani. Ikisha kuokoa kilicho rahisi, ndipo hurudi kwenye sehemu ngumu na kuzibembeleza. Umeme ukikatika haianzi upya. Husoma ramani na kuendelea ilipoachia.

Kwa mwanafunzi anayetaka kujaribu, amri zenyewe ni fupi. Ya kwanza ni ya kupita haraka, ya pili ya kurudia penye matatizo mara tatu:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Hapo /dev/sdb ni diski mgonjwa. Kwako inaweza kuwa na herufi nyingine, nawe hakikisha mara mbili kwa kuangalia jina na ukubwa wake kwa amri ya lsblk, kwani anayekosea na kugeuza mgonjwa kuwa mpokeaji atafuta kila alichokuja kukiokoa. Faili ya picha ya diski na ile ya ramani zikae kwenye diski nzima, yenye nafasi tupu ya kutosha diski mgonjwa yote. Na diski hiyo mpya isiwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kama huna Linux, ipo SystemRescue, ambayo huandikwa kwenye flashi na kuwashia kompyuta kutoka hapo. Ndani yake ddrescue imo, pamoja na zana nyingine nitakazozitaja.

Kazi ilichukua siku tatu. Mwalimu aliunganisha kila kitu kwenye UPS, kile kisanduku cha betri, na kuweka feni ndogo mbele ya diski kwa sababu joto halimsaidii mgonjwa. Sehemu kubwa ilitoka siku ya kwanza. Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kubembeleza kipande kidogo sana kilichobaki. Kisha diski ile ikachomolewa, na kuanzia hapo kazi yote ilifanywa juu ya nakala. Daftari la faili lilikuwa limeraruka, hivyo akatumia TestDisk kulisoma, na kwa picha zilizokosa anwani akatumia ndugu yake, PhotoRec. Hii ya pili hutafuta picha kwa umbo lake na kuzirudisha bila majina ya awali. Kijana alitumia wiki nzima kuzipanga upya, harusi huku, matanga kule.

Video ya nasaha ilifunguka. Mzee anasimama, anashika bega la mwanawe, anaanza kusema. Katikati picha inavunjika kuwa mraba mraba kwa sekunde chache na sauti inakatika, kisha mzee anarejea, watu wakicheka jambo ambalo halikusikika. Mama aliitazama mara mbili. Akasema analijua jambo lenyewe, na kwamba atawasimulia wajukuu yeye mwenyewe.

KUIPIMA DISKI YAKO

Huna haja ya kungoja mkwaruzo. Karibu diski zote hujiwekea rekodi ya afya iitwayo SMART. Kwenye Windows programu ya bure CrystalDiskInfo huionyesha. Kwenye Linux ni smartctl. Utaona safu ndefu ya namba, nyingi hazikuhusu. Tazama hizi. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishiwa akiba. Namba 197 ni zile zinazosubiri, na 198 ni zile zilizoshindikana katika ukaguzi. Kwenye safu ya thamani ghafi, zote tatu zinapendeza zikiwa sufuri. Sekta chache zilizohamishwa zamani na zisizoongezeka si tanzia. Zikiongezeka kutoka wiki hadi wiki, hiyo ni tanzia inayoandikwa.

Namba 199 ni hadithi tofauti, na imewaponza wengi. Huhesabu makosa ya njiani, kati ya diski na kompyuta. Ikipanda yenyewe huku 5 na 197 zikiwa sufuri, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Badilisha waya wa bei ndogo kabla hujatupa diski. Na usitishwe na thamani ghafi kubwa kwenye namba 1 ya diski za Seagate; kampuni hiyo huihesabu kwa namna yake. Vilevile, CrystalDiskInfo kwa kawaida huonyesha thamani ghafi kwa mfumo wa hesabu wa kumi na sita, hivyo 64 unayoiona ni 100. Waweza kuibadilisha katika mipangilio. Baadhi ya visanduku vya diski za nje havipitishi rekodi hizi kabisa, na hapo utategemea kumbukumbu za matukio za Windows. Tukio namba 7 kutoka kwa diski lina maana moja: bloku mbovu imeonekana.

Je, rekodi hizi ni za kuaminika? Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika ukaguzi wa uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya diski isiyo na kosa hilo. Lakini katika diski zilizokufa, asilimia 56 hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu. Kwa hivyo dalili ikionekana, iamini. Isipoonekana, usiichukulie kama cheti cha daktari.

Jambo jingine linalotuhusu sana ni umeme. Diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, sekta inaweza kubaki na maandishi yasiyopatana na tarakimu za ukaguzi. Kusoma kunashindikana ingawa sahani haina mchubuko wowote. Bloku mbovu ya namna hiyo hupona kabisa ikiandikwa upya. Nchi hii haikosi nafasi za kuzipata. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na taifa zima likabaki gizani kwa saa kadhaa (tumbili alinusurika, diski za watu sijui). Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 giza lilirudi nchi nzima, na Novemba na Desemba mwaka huo huo tukaonja tena. Mwenye duka la kuchapisha asiye na UPS anacheza kamari kila alasiri ya mvua.

Mitikisiko nayo ni adui. Diski iliyozimwa huegesha vichwa vyake mahali salama na inaweza kustahimili mengi. Inayozunguka haistahimili hata kuangushwa mezani. Mwanafunzi anayepanda bodaboda na laptopu iliyofunikwa tu bila kuzimwa, diski ikiwa ya sahani, anaibebesha hatari kila tuta.

Sasa tuseme umenakili kila kitu salama na unataka kujua kama diski ile ina maisha bado. Hapo ndipo fomati ina nafasi yake. Ifomati kikamilifu, si ile ya haraka; tangu Windows Vista fomati kamili huandika sufuri diski yote. Kisha tazama namba 5 na 197. Kama 197 imeshuka hadi sufuri na 5 haikuongezeka, pengine lilikuwa kosa la umeme na diski ni nzima. Kama 5 imeruka, iweke sinema na nyimbo ulizo nazo kwingine, basi. Mimi binafsi nisingeiwekea picha ya mtoto.

Kuhusu nakala, mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Hiyo ya tatu huwashinda watu mijini, lakini Isebania inawafaa. Wakuria wana jamaa pande zote mbili za mpaka, na wengi wana shangazi Sirari au Tarime. Yule kijana sasa ana diski mbili. Moja hulala kibandani. Ya pili hulala kwa shangazi yake ng'ambo, na kila mwisho wa mwezi huvuka nayo mfukoni, hubadilishana, hunywa chai, hurudi.

MASWALI YENU

Msomaji mmoja wa Migori anauliza kama kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya zafaa. Zafaa, ila omba kuona rekodi ya SMART kabla ya kulipa. Namba 9 ni saa ambazo diski imewaka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne mchana na usiku. Nunua kompyuta, ubadilishe diski.

Mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Awendo ana laptopu yenye SSD, isiyo na sahani wala kichwa. Anauliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu kwa namna nyingine. SSD haikwaruzi wala haitishwi na bodaboda, lakini inaweza kufa asubuhi moja bila kuaga, na vilivyofutwa ndani yake ni vigumu mno kurudishwa. Tasnifu yako itume kwa baruapepe yako mwenyewe kila jioni. Flashi usiitegemee kama ghala. Na unaponunua flashi yenye gigabaiti nyingi kwa bei ya soda, ijaribu kwa programu ya H2testw. Zipo za bandia zinazojidai kubeba zaidi ya uwezo wao na kumeza faili kimya kimya.

Mama mmoja mwenye studio anataka kujua afanye nini na diski iliyokufa kabisa, kwani ina picha za wateja. Usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ilivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na sura za wateja wako ni taarifa zao. Kama bado inaandikika, iandike sufuri yote. Kama haiandikiki, zivunje sahani zake kwa nyundo. Diski ndogo za laptopu huwa na sahani za kioo ambazo hupasuka na kuruka, kwa hivyo iviringishe kwanza ndani ya gunia, uvae miwani, na watoto wakae mbali.